Ukimya wa Sekunde Saba



Kabla ya lolote, nina jambo la kukiri. Mwezi uliopita nilirusha hewani mazungumzo yangu na mama mmoja anayeishi na ugonjwa wa maltipo sklerosisi, ambao kwa kifupi huitwa MS. Huenda ulimsikia. Sauti yake ilikuwa imetulia, majibu yake yamenyooka, na kila nilipouliza alijibu papo hapo. Ukweli ni kwamba hakujibu papo hapo. Kati ya swali langu na jibu lake palikuwa na ukimya: sekunde nne, sekunde tano, mara moja sekunde saba. Nilipoketi kuhariri nikaukata wote. Ndivyo tulivyofundwa sisi watu wa redio, kwamba msikilizaji akikutana na kimya atadhani mitambo imezimika, naye atahamia kituo kingine. Nikakata, nikaunga, nikaenda nyumbani nimeridhika na kazi yangu.

Siku ya pili akanipigia simu. Hakuwa na hasira. Aliniambia walisikiliza kipindi pamoja, yeye na wanawe wawili, na mdogo akasema, "Mama, umeongea kama zamani." Kisha akaniambia: "Kaka, ulichokikata ndicho nilichokuja kukieleza."

Basi jioni ya leo nataka kuzungumza juu ya kile nilichokikata.

Tuanze na zoezi. Weka chini ulichoshika. Nitataja namba moja moja, na kila ukisikia namba mpya uijumlishe na ile niliyoitaja kabla yake. Usijumlishe na jibu lako. Tatu. Saba. Hapo jibu ni kumi. Mbili. Hapo ni tisa, maana saba na mbili ni tisa. Sasa endelea mwenyewe. Tisa. Nne. Nane. Moja. Sita. Tano.

Umefika wapi? Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa darasa la pili. Ugumu unatokea pale unapotakiwa kuishika namba uliyosikia, kutoa jibu, kulitupa jibu hilo, na kuipokea namba nyingine ambayo haikusubiri umalize. Zoezi hili lilitokana na kazi ya mwanasaikolojia Dorothy Gronwall huko Auckland, New Zealand, miaka ya 1970. Alikuwa akiwashughulikia watu walioumia kichwa, akitaka kujua nani yuko tayari kurudi kazini. Miaka ya 1990 wataalamu wa MS wakalichukua. Namba moja kila sekunde 3, majibu 60. Wagonjwa wengi walilichukia, na wewe uliyejaribu namba tisa tu jioni hii sidhani kama utawalaumu. Siku hizi kliniki nyingi zinatumia lingine lililo jepesi zaidi kwa moyo. Juu ya karatasi kuna alama 9, kila alama na namba yake. Chini yake safu za alama bila namba. Mgonjwa anataja namba ya kila alama, mpimaji ameshika saa. Sekunde 90, basi.

Mazoezi yote mawili, kwa kiasi kikubwa, yanapima kitu kimoja: wazo linachukua muda gani kufika.

Ndani ya ubongo na uti wa mgongo, nyuzi za neva zimevikwa utando wa mafuta uitwao mielini. Utando huo haukufunika uzi mzima mfululizo. Una mapengo madogo madogo, na taarifa husafiri kwa kuruka kutoka pengo moja hadi jingine. Wakazi wa Dar es Salaam watanielewa nikisema ni kama basi la mwendokasi, lenye njia yake peke yake na linalosimama vituoni tu. Uzi wenye mielini nzuri unaweza kupeleka taarifa kwa zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Uzi mtupu, mita 1 au 2. Katika MS kinga ya mwili inageuka na kuushambulia utando huo. Njia ya mwendokasi imevunjwa, basi linashuka barabarani kupigania nafasi na daladala, bajaji na mikokoteni. Linafika, lakini limechelewa. Na pale uzi wenyewe unapokatika, halifiki kabisa.

Palipoliwa hubaki makovu, na jina la ugonjwa lina maana hiyo hiyo, makovu mengi. Kwa miaka mingi madaktari walidhani makovu hayo yanakaa kwenye sehemu nyeupe ya ubongo peke yake, ile ya nyuzi. Leo inajulikana kwamba yapo pia kwenye gamba la ubongo, na kwamba thalamasi, kiungo cha katikati kinachopokea taarifa na kuzigawa kama stendi kuu, huanza kusinyaa mapema. Mengi ya makovu ya kwenye gamba hayaonekani kwa MRI ya kawaida. Kwa hiyo mtu anaweza kuonyeshwa picha zake, akaambiwa mambo si mabaya, akarudi nyumbani akijiuliza kwa nini basi hawezi kufuatilia mazungumzo ya mezani.

Kuhusu chanzo cha ugonjwa nitapita haraka. Hesabu ya kimataifa ya mwaka 2020 ilikadiria wagonjwa milioni 2.8 duniani, wanawake ni zaidi ya mara mbili ya wanaume, na wengi huanza kuugua kati ya miaka 20 na 40. Mwaka 2022 watafiti waliopitia kumbukumbu za askari vijana zaidi ya milioni 10 wa Marekani walionyesha kwamba baada ya kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr hatari ya kupata MS hupanda mara 32. Virusi hivyo karibu kila mtu mzima anavyo, kwa hiyo vyenyewe peke yake havitoshi. Pana mambo mengine ndani ya mwili na ndani ya ukoo. Utafiti unaendelea.

Nirudi kwa mama yetu. Ana miaka 38. Ugonjwa ulimwanza kwenye jicho la kushoto: maumivu akilizungusha, kisha ukungu, kisha rangi nyekundu ikapauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Likapona baada ya wiki chache. Mwaka uliofuata ganzi ikapanda kutoka nyayo hadi kiunoni, ndipo MRI ikaonyesha makovu. Akapewa dawa, miguu ikarudi, na leo anatembea bila fimbo. Kila akienda kliniki huambiwa atembee juu ya mstari, afumbe macho, aguse pua. Anafanya vizuri, na daktari anafurahi. "Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za kichwa," aliniambia.

Alikuwa mhasibu. Kilichomtoa kazini ni vitu vidogo vidogo. Mkuu wake anasimama mlangoni na kumpa maagizo matatu. Wakati huo huo simu inalia, na mteja yuko dirishani. Agizo la kwanza analo. La pili limefika nusu. La tatu halikufika. Jioni anaulizwa, naye anaapa kwamba hakuambiwa. Wenzake wakaanza kusema amekuwa mvivu, baadaye wakasema ana dharau. Nyumbani mzee mmoja wa ukoo akashauri aangaliwe, maana mtu aliyekuwa mkali wa hesabu kiasi kile hapoi hivi hivi bila mkono wa mtu.

Unaweza kudhani kwamba jambo hili ni jipya, kwamba sayansi imeligundua juzi. Ni la zamani kama jina lenyewe la ugonjwa. Mwaka 1868, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, iliyokuwa imejaa wanawake maskini, daktari Jean-Martin Charcot alieleza MS kama ugonjwa unaojitegemea. Katika mihadhara yake alisema waziwazi kwamba kumbukumbu za wagonjwa hao hudhoofika na kwamba mawazo yao hujengeka polepole. Aliona, akasema, ikaandikwa. Halafu kwa karibu miaka 100 ikafifia. Vizazi vya madaktari vilifundishwa kwamba akili huguswa kwa nadra, na kwamba ikiguswa ni mwishoni kabisa.

Kwa nini? Nadhani tulipenda kupima kinachoonekana. Mguu unaoburutwa unaonekana hata na mpita njia. Wazo linalochelewa anayeliona ni mwenye nalo. Kipimo kinachotumika zaidi katika MS ni kile cha daktari John Kurtzke wa Marekani, alichokitoa mwaka 1955 na kukipanua mwaka 1983. Kinaanzia 0 hadi 10. Ukisoma kuanzia 4 kwenda juu, utakuta karibu kila kitu ni mwendo: mita ngapi bila kupumzika, fimbo moja, fimbo mbili, kiti cha magurudumu. Akili imo, lakini nafasi yake ni finyu. Mtu anaweza kushindwa kufanya kazi yake kabisa na bado akaandikiwa alama ya chini, kwa kuwa alitembea vizuri kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha daktari. Kipimo kile kimesaidia tafiti nyingi na sikidharau. Ninachosema ni kwamba mama yetu, kwa kipimo kile, haumwi sana.

Aliyewarudisha wataalamu kwenye maneno ya Charcot ni Stephen Rao na wenzake wa Milwaukee, Marekani, mwaka 1991. Hawakuchukua wagonjwa waliolazwa. Walichukua watu 100 wenye MS wanaoishi majumbani mwao, wakawalinganisha na wengine 100 wasiougua. Walikuta kwamba 43 kati ya 100 wana upungufu wa akili unaotokana na ugonjwa. Wakaendelea kuwachunguza wagonjwa ambao hali zao za kimwili zilikaribiana, na ikaonekana kwamba wale wenye upungufu huo hawakuwa kazini kama wenzao, hawakushiriki mambo ya jamii kama wenzao, na kazi za nyumbani ziliwalemea zaidi. Kwa maneno mengine, anayepoteza kazi si lazima awe yule anayechechemea.

Hapa naomba tuelewane. Tunaposema upungufu wa akili, wengi tunawaza mzee asiyewatambua wanawe. Katika MS hali huwa tofauti sana. Lugha kwa kawaida inabaki. Maarifa ya zamani yanabaki, na busara inabaki. Kinachoguswa kwanza ni kasi. Unafuata uwezo wa kupokea jambo jipya, kugawa umakini, na kupanga kazi yenye hatua nyingi. Na kuhusu kumbukumbu pana jambo ambalo mimi binafsi lilinitikisa. John DeLuca na wenzake wa New Jersey, miaka ya 1990, waliwafundisha wagonjwa orodha ya maneno. Badala ya kuwasomea mara chache na kuanza kuwauliza, waliwarudia mpaka kila mmoja akaishika orodha. Wagonjwa walihitaji kurudiwa mara nyingi zaidi kuliko watu wengine. Lakini wakishaishika, walipoulizwa baadaye walikumbuka karibu sawa na wasiougua.

Fikiria maana yake nyumbani. Unamwambia mkeo, "Nilishakwambia, umesahau." Hakusahau. Hukumpa nafasi ya kulipokea. Neno lilitoka kinywani mwako, televisheni imewashwa, mtoto analia, na kabla halijamfikia ulikuwa umeshatoka mlangoni na ufunguo mkononi.

Huko huko New Jersey alitokea mtafiti mwingine, Nancy Chiaravalloti, na njia yake ingewafurahisha bibi zetu. Aliwafundisha wagonjwa kukumbuka kwa kutunga hadithi. Una mambo ya kukumbuka, maneno au shughuli zisizohusiana? Yapigie picha kichwani, kisha yaunge kwa kisa. Mama yetu hakuwahi kuhudhuria mafunzo hayo, lakini nilipomweleza alijaribu kwa orodha yake ya soko: vitunguu, sabuni, betri, dawa ya mbu. Kitunguu kimelia machozi, kikanawa uso kwa sabuni, kikawasha tochi kumtafuta mbu. Alirudi na vyote vinne. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, watu 86 wenye MS waligawanywa. Baadhi walipata vipindi 10 vya mafunzo haya, wengine vipindi vya kawaida visivyo na mbinu hiyo. Waliofunzwa kutunga hadithi walijifunza vizuri zaidi. Sisi tuliokua na paukwa pakawa hatuna sababu ya kuliona hilo geni.

Je, dawa za kurudisha kumbukumbu? Zile zinazotumika kwa ugonjwa wa Alzheimer zilijaribiwa. Jaribio dogo la mwaka 2004 lilileta matumaini. Kubwa zaidi la mwaka 2011 likayazima. Dawa za MS yenyewe ni habari nyingine: zinapunguza mashambulizi mapya, na kila shambulizi lililozuiwa ni njia iliyosalimika. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani kwa mara ya kwanza liliingiza dawa za MS katika orodha yake ya dawa muhimu, nazo ni kladribini, glatirama na rituksimabu. Kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye duka la dawa la wilaya, hilo nalijua. Ila daktari anayeidai dawa sasa ana karatasi ya kuonyesha.

Kabla ya kulaumu makovu kwa kila kitu, pana wezi wengine wa kasi ambao wanaweza kukamatwa. Sonona ni mmoja. Inawapata wagonjwa wengi wa MS, inapoza fikra, na inatibika. Usingizi mbaya ni mwingine, iwe ni kwa maumivu au kwa kuamka kwenda msalani. Na vipo vidonge, hasa baadhi ya vile vya kutuliza kibofu, vinavyotia ukungu kichwani. Usiviache bila daktari, lakini muulize.

Halafu joto. Mwaka 1890 daktari wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliona kuwa macho ya baadhi ya wagonjwa wake yanaingia ukungu baada ya kujichosha kwa mazoezi. Baadaye ikafahamika kwamba sababu ni joto: uzi uliovuliwa mielini hupeleka taarifa vibaya zaidi mwili ukipata joto kidogo tu. Mwaka 2012 watafiti wa New Jersey walionyesha kwamba hata vipimo vya akili hushuka siku za joto. Sasa fikiria Dar es Salaam mwezi wa pili, saa nane mchana, umeme umekatika. Mfikirie ndugu yetu aliyeko Muscat mwezi wa saba. Na nchi za Ghuba ni mahali ambapo ugonjwa huu umeonekana kuongezeka miongo ya karibuni. Mama yetu mahesabu yote ya nyumbani anayafanya alfajiri, baada ya swala, miguu ikiwa kwenye beseni la maji. Mchana hafanyi uamuzi wowote unaohusu fedha. Watu wanamwona mwoga wa jua. Anailinda akili yake.

Najua pia msikilizaji fulani anasema, huku kwetu madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wa kuhesabu, MRI iko miji mikubwa na bei yake inauma, wewe unatuletea habari za Milwaukee. Ni kweli. Lakini zoezi lile la alama 9 halihitaji mashine wala umeme. Ni karatasi, saa, na mtu aliyefunzwa kulisimamia. Mgonjwa hujibu kwa mdomo, hivyo hata mwenye mkono unaotetemeka anaweza. Mwaka 2018 wataalamu walipendekeza kila mgonjwa wa MS apimwe akili mapema, kisha arudiwe kila mwaka, ili akishuka ijulikane. Kwa sababu pia kuna mashambulizi yanayopiga akili peke yake: mguu mzima, jicho zima, lakini ndani ya wiki mbili mtu amepungua. Bila kipimo cha mwaka jana, nani atamwamini?

Nilimuuliza mama yule nini kingemsaidia zaidi, nikitarajia ataje dawa. Alitaja mambo ambayo hayana bei. Aongee mtu mmoja kwa wakati. Redio izimwe anapoambiwa jambo la maana, naye aliomba radhi kwa kunitajia redio. Maagizo yaandikwe. Na asimaliziwe sentensi. Hilo la mwisho alilirudia. Alisema anapotafuta neno, na mtu akamrushia neno lake mwenyewe kwa wema, lile alilokuwa amekaribia kulishika hutoweka, naye inambidi aanze upya. "Wananisaidia mpaka nabaki bila maneno," alisema.

Sasa nitakurudishia kipande cha mazungumzo yetu, jinsi kilivyorekodiwa. Usiguse redio yako, mitambo ni mizima. Tulikuwa sebuleni kwake, na nilimuuliza jambo dogo tu: jana jioni alipika nini.

Sekunde ya kwanza. Ya pili, feni inasikika. Ya tatu. Pikipiki inapita nje. Ya nne. Anavuta pumzi. Ya tano. Ya sita. Ya saba.

"Kisamvu," anasema. "Nilikitia nazi, na karanga kidogo. Huyu mdogo akasema chumvi haijakolea. Nikamwambia kopo liko juu ya kabati, pembeni ya majani ya chai, akachukue mwenyewe."